Kihispania Chetu, Sehemu ya Nne: Kuaga kwa Adabu

Jumapili ya Desemba 7, 2025, John Korir alishinda mbio za marathoni za Valencia, Hispania, kwa saa 2, dakika 2 na sekunde 24. Siku hiyohiyo Joyciline Jepkosgei akatwaa ushindi wa wanawake kwa saa 2 na dakika 14 kamili. Sisi wa Trans Nzoia tuna sababu ya ziada ya kufurahi, kwa kuwa Korir ni mdogo wake Wesley Korir, aliyekuwa mbunge wetu wa Cherangany. Wesley alishinda Boston mwaka 2012, John akashinda huko huko Aprili 2025, na hakuna ndugu wengine waliowahi kufanya hivyo kabla yao.

Nilikuwa nimeahidi kwamba wiki hii tungeingia kwenye hesabu na bei. Hizo zitangoja. Ushindi wa Valencia umenikumbusha jambo ambalo vijana wanaofanya mazoezi alfajiri kwenye barabara zetu wanalihitaji mapema zaidi. Wengi wao wanaota kwenda kukimbia Hispania, na wale waliofuata makala zilizotangulia tayari wanajua kusalimu. Kuingia wanajua. Kutoka je?

Desemba 2, 2012, katika mbio za nyika za Burlada, jimbo la Navarra, Abel Mutai alikuwa akiongoza. Miezi michache tu ilikuwa imepita tangu apate medali ya shaba ya kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya London. Akidhani amekwisha kumaliza, alisimama mita chache kabla ya mstari. Watazamaji wakampigia kelele asonge mbele, lakini hakufahamu walichokuwa wakimwambia. Aliyekuwa wa pili, Mhispania Iván Fernández Anaya, angeweza kumpita na kushinda. Hakumpita. Alibaki nyuma yake, akamwonyesha kwa ishara aendelee mpaka mwisho. Mkenya aliyetendewa wema wa namna hiyo anamwagaje mwenzake jioni inapofika? Kwa kupunga mkono na kuingia garini? Mtu aliyelelewa hawezi kuridhika na hilo.

Basi tuanze na maneno utakayoyasikia kila kona ya Hispania: hasta luego. Mnakumbuka kwamba herufi h haitamkwi, hivyo sema “asta luego”. Maana yake ni mpaka baadaye. Vijana wetu wanaoachana kwenye steji kwa kusema “baadaye” tayari wanayo nusu ya pili. Nusu ya kwanza wanayo pia, ila hawajui, na hapa naomba msomaji anipe nafasi, maana jambo hili nimelipenda kwa miaka mingi.

Hasta na hata yetu ni ndugu wa damu. Yote mawili yametoka katika hattā ya Kiarabu. Sisi tuliipata kupitia bahari ya Hindi, kwa wafanyabiashara na wanazuoni waliokuja na pepo za kaskazi. Wahispania waliipata baada ya mwaka 711, Tariq bin Ziyad alipovuka mlango wa bahari kutoka Afrika na jeshi lake. Mlima alioteremkia unaitwa Gibraltar hadi leo, yaani Jabal Tariq. Karibu miaka 800 Waislamu walitawala sehemu ya nchi ile, na Córdoba ikawa mji wa vitabu, bustani na mabomba ya maji. Watu wakiishi jirani muda wote huo huachiana maneno: sukari yetu kwao ni azúcar, na wanaposema ojalá, wakitamani jambo liwe, wanalitaja jina la Mungu kwa Kiarabu, kama sisi tusemapo inshallah.

Ajabu zaidi, ndugu hawa wawili wamehifadhi kazi zilezile. Wahispania husema hasta los niños, nasi twasema hata watoto. Wao husema hasta mañana, mpaka kesho. Nasi tulikuwa na matumizi hayo: tangu asubuhi hata jioni, tangu kale hata leo. Wanaosoma Biblia ya Kiswahili ya zamani wameizoea hata hiyo. Ni hasara kwamba shuleni siku hizi inaachwa ipotee na nafasi yake yote kupewa hadi na mpaka. Ningependa walimu wa Kitale na Bungoma wairudishe ubaoni.

Utawala ule wa Waislamu nao ulikuwa na siku yake ya kuaga. Januari 2, 1492, Abu Abdallah, ambaye Wahispania humwita Boabdil, alikabidhi funguo za Granada kwa mfalme Fernando na malkia Isabel. Kusini mwa mji huo upo mlango wa mlima uitwao Suspiro del Moro, na masimulizi ya wenyeji husema ndipo alipogeuka kuutazama mji wake mara ya mwisho, akashusha pumzi. Mwaka uleule Columbus alipoelekea magharibi alimchukua mkalimani wa Kiarabu, Luis de Torres. Miaka sita baadaye Vasco da Gama, Mreno, alifika Malindi, na mtu wake aliyeweza kuzungumza na wenyeji, Fernão Martins, alitumia Kiarabu hichohicho. Meli ziling'oa nanga Malindi Aprili 24, 1498 kuelekea India, zikiwa na rubani waliyepewa na mfalme wa mji. Kwa hiyo watu wa rasi ile ya Wahispania na Wareno na watu wa pwani yetu walisalimiana na kuagana mara ya kwanza kwa lugha ambayo pande zote mbili zilikwisha kukopa kwayo.

Pwani hawakuishia kukopa, waliipa adabu ya kuaga uzito. Kutakiana buriani ni kuombana radhi, kila mmoja amsamehe mwenzake kabla hawajatengana. Usiku mtu akiaga kwa alamsiki, hujibiwa binuru. Sisi wa bara tumeridhika na “bai” moja kwa kila mtu, kwa nyanya, kwa mwalimu, kwa mwenye duka. Simu inakatwa katikati ya sentensi. Hata desturi ya Wabukusu ya kumsindikiza mgeni mpaka barabarani inapungua, na wazee wanaotazama wana haki ya kusikitika.

Narudi kwenye Kihispania, kwa haraka. Nos vemos ni tutaonana, na ni ya marafiki. Chao imeenea sana Amerika ya Kusini. Adiós, ambayo asili yake ni kumkabidhi mtu kwa Mungu, ina uzito zaidi pale mnapotengana kwa muda mrefu, ingawa katika sehemu nyingi za Hispania majirani wanaopishana njiani huitumia bila kusimama. Hasta la vista iacheni kwenye filamu, watu hawaitumii sana katika maisha ya kila siku. Ukitoka dukani, hata kama hutarudi tena, mwambie muuzaji hasta luego. Kunyamaza ni utovu wa adabu.

Rafiki yako mwambie cuídate, jitunze, au que te vaya bien, mambo yakuendee vizuri. Kwa mtu mzima au mgeni wa heshima badilisha: cuídese, que le vaya bien. Nalikazia hili kwa ajili ya wasomaji wa Kipsongo, ambako familia nyingi za Waturkana zina jamaa Lodwar na kwingineko Turkana. Tangu 2004 madaktari wapasuaji kutoka Hispania wamekuwa wakienda hospitali ya Lodwar kutibu wagonjwa, na huko Nariokotome wapo wamisionari wanaozungumza Kihispania. Mama aliyepelekwa na matatu ya Kitale hadi Lodwar, akapasuliwa akapona, anaweza kumwambia daktari wake gracias, doctora, que le vaya bien. Daktari akijibu igualmente, maana yake nawe pia.

Wiki ijayo: hesabu kuanzia moja hadi mia, na jinsi ya kuuliza bei sokoni.