Oili ya Gari Ndani ya Bodaboda

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwasimulie habari za kijana mmoja wa bodaboda wa hapa Babati mjini. Alipakia abiria wa Mbulu, akashika njia ya Magara. Mlima ule mnaujua: barabara inaukwea ukingo wa Bonde la Ufa, kona juu ya kona. Walipofika katikati, injini ikanguruma kwa nguvu lakini pikipiki haiendi. Akavuta mafuta, kelele zikazidi, mwendo ukapungua. Abiria akashuka, wakasukuma.

Walipomfikia fundi, akamuuliza kijana jambo moja tu.

“Mdogo wangu, umeweka oili gani?”

“Ya gari, kaka. Dukani wameniambia hakuna nzuri kama hiyo.”

Na ilikuwa nzuri kweli, ila kwa gari. Gari lina oili ya injini mbali, ya gia mbali. Pikipiki nyingi za bodaboda hazina utajiri huo. Oili ile ile, kama lita moja hivi, inalainisha pistoni, inalinda gia, na sahani za klachi nazo zinaogelea humo humo. Hapo ndipo penye fumbo: pistoni inataka kuteleza, klachi inataka kushika! Oili nyingi za magari ya siku hizi hutiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari linywe petroli kidogo. Dawa hiyo ikizifikia sahani za klachi, zinateleza, zinapata moto, zinaungua. Kijana wetu alinunua sahani mpya.

Kwa hiyo mkiwa dukani, geuzeni kopo msome nyuma. Tafuteni alama ya JASO MA, kipimo cha Wajapani kwa pikipiki ambazo klachi yake inakaa ndani ya oili. JASO MB iacheni, hiyo ni ya skuta. Kisha tazameni namba, mfano 20W-50. Ya kwanza inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi, ya pili uzito wake injini ikishachemka. Namba ipi inafaa? Kitabu cha pikipiki kinasema, nami nakiamini kuliko mwenye duka.

Kila injini na oili yake, wajukuu zangu: ipo nyingine ya ajabu, ya rotari, aliyoibuni Mjerumani Felix Wankel. Haina pistoni ya kupanda na kushuka. Ndani yake inazunguka pembetatu yenye mbavu zilizotuna. Mwaka 1991 gari la Mazda 787B lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans kwa injini ya namna hiyo. Yenyewe hunyunyiziwa oili kidogo kwa makusudi kwenye chumba cha moto, ili ncha tatu za pembetatu zisisagike. Oili hiyo inaungua pamoja na petroli, basi inatakiwa iungue safi, isiache masizi. Mwenye gari la injini hiyo hupima oili mara kwa mara, maana inapungua hata injini ikiwa nzima. Bodaboda yenu ikipunguza oili hivyo na kutoa moshi wa bluu kwenye eksozi, mpelekeeni fundi atazame ringi za pistoni.