Umehama Nyumba? Badilisha Nambari ya Mita Kabla ya Kununua Tokeni

Umehama Section 58, umeingia nyumba mpya Lanet. Vitanda havijafungwa, watoto wana njaa, na stima inazimika: tokeni zimeisha. Unafungua malipo uliyohifadhi kwa simu, unaweka shilingi 500 na PIN. SMS inaingia. Unabonyeza tarakimu kwenye mita, inakataa.

Shida si mtandao. Umenunua stima ya nyumba uliyohama.

Tokeni ya Kenya Power ina tarakimu 20 na hutengenezewa mita moja tu. Haiwezi kuingia kwa nyingine.

Fomu hubadilika

Ukichagua Till, unaulizwa nambari ya Till na kiasi. Ukichagua Paybill, nafasi moja huongezeka: nambari ya akaunti. Kwa tokeni, Paybill ni 888880 na akaunti ni nambari ya mita. Ukitumia malipo uliyohifadhi, nafasi hiyo inajazwa na nambari ya zamani. Simu haijui umehama.

Kabla ya PIN utaona jina la kampuni, na litakuwa sahihi. Hapo ndipo wengi hukosea: kampuni ni ile ile, mita ndiyo tofauti. Kwa hivyo soma nambari ya akaunti pia.

Fanya hivi

1. Siku ya kuhamia, piga picha ya nambari iliyoandikwa kwenye mita. Usiitegemee kichwa.
2. Ongeza malipo mapya. Ukirekebisha ya zamani tarakimu moja moja, ni rahisi kuchanganya mita mbili.
3. Yape jina: "Stima Lanet", "Mama Molo".
4. Nunua kidogo kwanza. Tokeni ikikubali, futa malipo ya nyumba ya zamani.

Na kama umeshakosea?

Usifute SMS. Tokeni bado ni nzima, ila ni ya mita ile. Mpigie landlodi au mpangaji aliyeingia pale, mkubaliane akutumie pesa, kisha umpe zile tarakimu 20. Hahitaji PIN yako. Akiiomba, kata simu. Usipompata, piga Kenya Power kwa 97771 ukiwa na nambari ya mita na kodi ya malipo.

Kuangalia nambari kunachukua sekunde chache. Kulala gizani ni usiku mzima.