Gari la umeme: Kagua skrini kabla ya kulipa

WANUNUZI wa magari ya umeme yaliyotumika wamezoea kuuliza habari za betri tu. Lakini skrini ya kugusa iliyo katikati ya dashibodi nayo inaweza kumtia mnunuzi hasara kubwa, kama walivyogundua wenye magari ya awali ya Tesla nchini Marekani.

Magari yanayohusika ni Model S ya 2012 hadi mwanzoni mwa 2018, na Model X ya 2016 hadi kipindi hicho hicho. Skrini yake ya inchi 17 ndiyo inayotumika kuendesha redio, ramani, kiyoyozi na kamera ya nyuma. Kompyuta inayoiendesha ilifungwa chipu ya kumbukumbu ya GB 8 tu, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Chipu ya aina hiyo huandikwa na kufutwa mara zipatazo 3,000, kisha huchoka. Gari lilikuwa likiandika taarifa zake kila wakati, hivyo uhai wa chipu ulikadiriwa kuwa miaka mitano hadi sita. Ikichoka, skrini hujizima na kujiwasha, na mwishowe hubaki nyeusi. Gari linatembea, lakini dereva hana kamera ya nyuma wala uwezo wa kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele.

Swali la kibiashara likawa: nani alipe? Mwaka 2020 kampuni ilianza kuuza kompyuta mpya ya kubadilisha ile ya zamani kwa dola za Marekani 2,500. Mafundi binafsi nao walipata soko la kubandua chipu iliyochoka na kubandika nyingine, bila kugusa skrini yenyewe.

Januari 2021 idara ya serikali ya usalama barabarani, NHTSA, iliitaka kampuni iyaite magari yapatayo 158,000 kwa matengenezo. Kampuni ilijitetea kwamba chipu ni kifaa kinachochakaa kwa matumizi, na kwamba si haki kutarajia kidumu maisha yote ya gari. Hata hivyo, mwezi uliofuata ilikubali kuyaita magari 134,951, ikafunga chipu ya GB 64 bila malipo na kuwarejeshea fedha waliokwisha kulipia matengenezo hayo.

Wenye hisa wana funzo hapo. Kifaa kidogo kikishabeba kazi ya usalama, hakihesabiwi tena kama matairi au brashi za waipa. Gharama yake humrudia mtengenezaji, hata miaka minane baada ya gari kuuzwa.

Kwa mfanyabiashara wa magari, jambo la kwanza ni kutambua ubovu wenyewe. Ukingo wa njano kuzunguka skrini, au mapovu na gundi inayovuja, ni ubovu wa skrini yenyewe. Kujizima mara kwa mara, au kuchelewa mno kuwaka, huashiria chipu. Matengenezo ya bure ya 2021 yalihusu chipu peke yake. Anayebadilisha skrini nzima kwa sababu ya chipu hutupa fedha.

Pili, idai hati ya karakana inayoonyesha kilichobadilishwa na tarehe yake. Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, lakini umri huo hausemi lolote kuhusu uzima wa chipu.

Tatu, uliza kama mtengenezaji ana karakana mahali gari litakapotumika. Ahadi ya matengenezo ya bure haina thamani pasipo na fundi wa kuitekeleza, na gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei kabla ya mkataba kutiwa saini. Cha rahisi, wahenga walisema, huwa ghali.