Fundi Yosefu Naye Alifunga Karakana Yake

Tukipita asubuhi katika mitaa ya Katuba, mjini Lubumbashi, twasikia kazi kabla ya kuiona: nyundo yagonga bati, cherehani yanguruma, randa yakwaruza ubao. Hao ni baba na mama wanaojitafutia chakula kwa mikono yao wenyewe. Twawaheshimu. Lakini leo twataka kusema nao juu ya hatari moja ambayo haipigi kelele.

Zamani wengi wa wazee wetu waliamshwa na king'ora cha kampani. Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906, na baada yake Gécamines, iliyoshika migodi hiyo tangu mwaka 1967, iliwapa mshahara, nyumba na poso. Kisha, katika miaka ya 2003 na 2004, watumishi zaidi ya 10,000 waliiacha Gécamines katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Jamaa nyingi zililazimika kujitafutia njia nyingine, na leo wengi hawana mkubwa wa kuwaamuru.

Je, ndio uhuru? Si kila mara. Asiye na bwana hujigeuza mara nyingi kuwa bwana mkali wa nafsi yake. Hajipi ruhusa, hajipi Dominika, hajipi hata saa moja ya kukaa na wanawe. Kila siku njia ile ile, kazi ile ile, hesabu ile ile ya franka. Moyo unachoka kabla ya mikono. Na moyo uliochoka hutafuta jambo jipya popote. Ukilikosa nyumbani, hulitafuta katika nyumba ya pombe.

Twamfahamu fundi mmoja wa mbabula. Kwa miaka kumi na mitano alikata bati kwa kipimo kimoja, akakaa chini ya mti mmoja, akarudi usiku watoto wamekwisha kulala. Alidhani kwamba ndiyo sifa ya baba mwema. Jioni moja mkewe alimwambia kwa upole: "Baba watoto, wanao wanajua sauti ya nyundo yako kuliko sauti yako."

Neno hilo lilimchoma. Siku ya mapumziko iliyofuata, alifunga vyombo vyake, akaoga, akawachukua mkewe na watoto, wakaenda kwa miguu mpaka Makumbusho ya Lubumbashi. Hakuwa amewahi kuingia humo, ingawa alizaliwa katika mji huo huo.

Humo waliona misalaba ya shaba ya kale. Wazee wa Katanga waliitumia kama fedha, wakazika nayo wafu wao. Mingi ilichimbuliwa katika makaburi ya Sanga, karibu na Ziwa Kisale, katika miaka ya 1957 na 1958. Mtoto wa kwanza akauliza: "Baba, waliyeyushaje shaba bila mashini?" Fundi wetu, mtu wa maneno machache, akaanza kueleza: jiwe la kijani, makaa ya miti, tanuru ndogo iliyojengwa kwa udongo wa kichuguu, na mivukuto ya kupuliza moto. Alisema, watoto wakasikiliza. Siku ile walitambua kwamba baba yao si mgonga bati tu. Ni mrithi wa mafundi.

Udongo ule wa kichuguu haukumtoka kichwani. Juma lililofuata alijaribu kuutia ndani ya mbabula moja, ili moto usipotee ubavuni na makaa yasiishe upesi. Ya kwanza ilipasuka, kwa sababu hakuuacha udongo ukauke. Ya pili ilipasuka pia. Ya tatu ilidumu, na mkewe ndiye aliyeijaribu kwa kusonga bukari. Hakutajirika, tusidanganyane. Lakini sasa hurudi nyumbani mapema mara mbili kwa juma, naye ana jambo la kuwasimulia watoto. Wahenga walisema kweli: mtembea bure si mkaa bure.

Labda mwingine atasema: "Hayo ni ya matajiri, mimi nikifunga siku moja, tutalala njaa." Twajibu kwa heshima: mtazame Yosefu, fundi wa Nazareti, ambaye Papa Pio XII alitupa mwaka 1955 sikukuu yake ya tarehe 1 Mei, Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Alikuwa maskini, hekaluni alitoa sadaka ya maskini. Hata hivyo Injili ya Luka yatuarifu kwamba kila mwaka, kwa sikukuu ya Pasaka, yeye na Maria walikwenda Yeruzalemu. Safari ile ilipita kilometa mia moja, na kwa miguu ilichukua siku kadhaa kwenda na siku kadhaa kurudi. Karakana ilibaki imefungwa. Je, twathubutu kusema kwamba Yosefu alikuwa mvivu?

Basi tuweke mashauri matatu.

La kwanza: safari iwe ndogo na ya karibu. Maporomoko ya Lofoi huko Kundelungu ni ya ajabu, maji yaanguka zaidi ya mita 300. Lakini ni mbali na yahitaji fedha. Mvua za kwanza zikinyesha, yatosha kwenda porini na bibi mzee kutafuta uyoga. Yeye ajua upi unalika na upi unaua. Asioujua yeye, usiingie chunguni.

La pili: msiende peke yenu. Jambo jipya ambalo baba hulifanya gizani na kumficha mama watoto, hilo si safari, ni kupotea. Na mama auzaye unga sokoni naye amechoka. Siku hiyo asiwe mpishi wa wengine wanaostarehe.

La tatu: katika kazi yenyewe, kila mwezi mjaribu jambo moja msilolijua: mshono mpya, soko jingine, ushauri wa fundi mwenzenu. Lakini jaribuni kwa kidogo. Karo ya shule na mtaji visiguswe. Kikipasuka kimoja, jamaa isipasuke pamoja nacho.

Wasomaji wapenzi, Mungu alipomaliza kazi yake alitazama alichokifanya, akapumzika. Dominika ijayo, baada ya Misa, msikimbilie vyombo vyenu. Mshikeni mtoto mkono, na mpite njia ambayo hamjapita bado.