Fundi Saa wa Kuaminika

Sisi wauguzi huhesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa kwa mshale wa sekunde. Ukikwamakwama, hesabu hupotoka. Kwa hiyo, mama mpendwa, usimkabidhi saa yako kila mwenye meza barabarani. Waulize kwanza majirani ni fundi gani aliwatengenezea saa, na kama bado inakwenda vizuri.

Fundi mwaminifu huifungua mbele yako, hukuonyesha kasoro, hutaja bei kabla ya kazi, na hukurudishia kipuri cha zamani.

Saa ya betri ikisimama, betri ipimwe kwanza kabla ya kulipia mashine mpya. Betri iliyokwisha itolewe upesi, kwani ikivuja huharibu mashine. Saa ya ufunguo isafishwe na kutiwa mafuta kila miaka 5 hivi.