Baiskeli Isiyokwenda Popote: Je, Kikundi Chenu Kinaihitaji?



Mapema mwaka huu tulitembelea kikundi kimoja cha kina mama ambacho kwa miaka mitatu kimekuwa kikiweka akiba ili kinunue tangi la maji. Tulidhani tutazungumza juu ya tangi. Kumbe kikao kilikuwa kimegawanyika. Mweka hazina alikuwa ameona dukani mjini baiskeli ya mazoezi, ile ambayo mtu huikanyaga ndani ya nyumba bila kwenda popote, na wanachama kadhaa walitaka pesa za tangi ziinunue. Wengine walicheka. Mama mmoja akasema, "Mimi nachota maji kilomita mbili kila siku. Baiskeli ya nini tena?"

Ndipo akasimama mama mwingine, fundi wa cherehani. Mume wake alikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Yeye mwenyewe ameambiwa kwenye zahanati kwamba ana sukari, na magoti yanamuuma hata kupanda mlima kwenda kanisani ni taabu. "Nyinyi mnacheka," alisema, "lakini daktari ameniambia nifanye mazoezi. Nitayafanyia wapi? Barabara ni matope, boda boda zinakimbia, na magoti hayataki. Niambieni."

Hakuna aliyecheka tena. Tunajibu swali lake hapa kwa sababu tumelisikia katika vikundi vingine pia: baiskeli hii ina faida gani, inamfaa nani, na kikundi kikiamua kuwa nayo, kichague namna gani ili pesa zisipotee bure?

SI JAMBO GENI

Watu wengi hudhani haya ni mambo ya matajiri wa mjini. Sivyo. Tangu mwaka 1796 kule London, Mwingereza aitwaye Francis Lowndes alisajili mashine ya kukanyaga na kuzungusha kwa mikono, ili wagonjwa wa viungo wapate mazoezi ndani ya nyumba. Siku hizi hospitali kubwa hutumia baiskeli za namna hii kuwarudishia nguvu watu waliougua moyo. Hata wanaanga walioko angani huzikanyaga, maana kule mwili usipofanyishwa kazi hulegea upesi.

Na kina mama wetu wanaijua kazi hii zamani. Cherehani ya kukanyaga haiendi popote, lakini nguo inashonwa. Baiskeli hii nayo haiendi popote, lakini damu inatembea.

INAUSAIDIAJE MWILI?

Misuli ya mapaja ni mikubwa kuliko karibu misuli mingine yote mwilini. Ikifanya kazi inachukua sukari kutoka kwenye damu na kuitumia kama kuni. Hii ndiyo sababu mgonjwa wa sukari huambiwa afanye mazoezi. Faida hiyo hukaa siku moja au mbili tu, halafu hupungua. Kwa hiyo asipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya kitu.

Moyo nao ni msuli. Ukizoeshwa polepole unapiga kwa nguvu zaidi bila kuchoka, na baada ya majuma kadhaa presha ya watu wengi hushuka kiasi. Magoti hupata nafuu kwa sababu uzito wa mwili umekaliwa kitini, haukandamizi goti kama wakati wa kukimbia au kuteremka mlima, na huku misuli inayolishikilia goti inapata nguvu. Tena mtu hulala vizuri zaidi, na mawazo mengi hupungua.

Lakini tuseme ukweli. Baiskeli hii haiponyi ugonjwa wa sukari na haichukui nafasi ya dawa. Haipunguzi tumbo la mtu anayetia vijiko vinne vya sukari katika kila kikombe cha chai. Na kwa kuimarisha mifupa, kutembea kwa miguu kunaishinda.

NANI ANAIHITAJI, NANI HAIHITAJI

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa juma za kazi inayomfanya ahemehe kidogo. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Mama anayelima kwa jembe, anayechota maji na kwenda sokoni kwa miguu amekwisha kuzipata. Asitoe hata senti yake kwa ajili ya baiskeli ya mazoezi.

Wanaoihitaji ni wale wanaokaa kutwa nzima: fundi wa cherehani, mwenye duka, mwalimu aliyestaafu. Tena wazee wasioweza kwenda shambani, wenye magoti mabovu, na wale ambao mvua, giza au usalama unawazuia kutembea. Mhesabuni watu hao katika kikundi chenu. Wakiwa wawili, jibu ni tofauti na wakiwa kumi na wawili.

AINA ZAKE

1. Ya kukaa wima. Inafanana na baiskeli ya kawaida na inawafaa watu wengi.

2. Ya kuegemea. Kiti chake ni kipana, kina mgongo, na pedali ziko mbele. Ni nzuri kwa mzee, mwenye maumivu ya mgongo au aliyepooza upande mmoja. Lakini ni ghali na inakula nafasi.

3. Yenye gurudumu zito la chuma. Hii ni ya vijana wenye nguvu. Katika nyingi za aina hii, ukiacha kukanyaga gurudumu linaendelea kuzunguka na kuzivuta pedali pamoja na miguu yako. Mzee asiipande.

4. Pedali ndogo za kuweka sakafuni. Mtu anakaa kwenye kiti chake mwenyewe na kukanyaga. Ni rahisi kuliko zote na hubebeka kwa mkono mmoja. Kiti kiegemezwe ukutani kisirudi nyuma.

5. Baiskeli yenu wenyewe juu ya stendi. Fundi wa jua kali anaweza kuchomelea stendi ya chuma inayoshika ekseli ya nyuma pande zote mbili, ili gurudumu liinuke kutoka chini. Gurudumu likining'inia tu, kukanyaga kunakuwa kwepesi mno na hakuna faida. Mwambieni atie kigogo cha chuma kinachozunguka, kiuguse mpira wa nyuma. Kadiri kinavyokazwa, ndivyo kukanyaga kunavyokuwa kuzito. Fungeni mpira uliokwisha chakaa, kwa sababu utalika. Stendi iwe na miguu mipana isipinduke.

MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KULIPA

Hapa tunawaambia kwa aibu kidogo. Sisi wenyewe tulinunua baiskeli moja ya mtumba kwa ajili ya ofisi yetu bila hata kuipanda. Ilikuwa inang'aa. Tulipofika nayo tukakuta kiti kimeshika kutu na hakishuki, na wengi wetu ni wafupi. Leo tunaanikia nguo juu yake. Basi msifanye kama sisi. Nendeni dukani watu watatu: mfupi kuliko wote, mrefu kuliko wote, na mzito kuliko wote.

- Kiti kipande na kishuke, na kikazike pasipo kuyumba. Kila mmoja wenu akae na akanyage dakika tano palepale. Muuzaji akikataa, ondokeni.

- Tafuteni kibandiko kinachoonyesha uzito ambao mashine inaweza kubeba. Uwe zaidi ya kilo za yule mzito wenu.

- Zungusheni pedali kwa mkono. Mkisikia kukwaruza au kugonga, ndani kuna kitu kimelika.

- Ongezeni na mpunguze uzito wa kukanyaga. Ubadilike polepole, usiruke. Zile zinazotumia sumaku hazina kelele na hazina breki ya kulika. Zile zenye kitambaa kinachokandamiza gurudumu ni rahisi, lakini kitambaa hicho hubadilishwa. Ulizeni kinapatikana wapi.

- Ulizeni kama inahitaji stima. Nyingi hazihitaji, ila kile kisaa cha kuonyesha dakika hutumia betri ndogo. Kisaa kikifa si hoja, saa ya ukutani inatosha.

- Gurudumu na mnyororo viwe vimefunikwa. Kidole cha mtoto kikiingia hapo kitakatika, na leso ya mama inaweza kunaswa.

- Msilipie picha na taa za rangi. Lipieni chuma, kiti na pedali.

Jambo moja la fundi: pedali ya kushoto hukazwa kwa kuzungusha kinyume na ile ya kulia. Vijana wengi huilazimisha na kuharibu nyuzi zake.

NAMNA YA KUITUMIA

Kwanza, mwenye sukari, presha au ugonjwa wa moyo aulize zahanati kabla ya kuanza. Aliyepooza aanze akiwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Pimeni kiti hivi: weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Ukiweka sasa sehemu ya mbele ya wayo, goti litakunjika kidogo tu. Kiti kikiwa chini mno ndipo magoti huuma, na watu husema mashine ni mbaya.

Juma la kwanza, dakika tano hadi kumi kwa siku zatosha. Ongezeni kidogo kidogo, maana haba na haba hujaza kibaba. Anzeni polepole na mmalize polepole. Kipimo ni hiki: uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza bidii. Ukishindwa hata kujibu salamu, punguza. Ukiona kifua kinabana au kizunguzungu, acha mara moja utafute msaada.

Mwenye sukari anayetumia sindano ya insulini, au vidonge vinavyoweza kuishusha sana, asikanyage akiwa na njaa. Awe na sukari karibu. Akitetemeka, akitoka jasho baridi au akichanganyikiwa, aache na anywe maji yenye vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari. Avae viatu kila mara, na akimaliza aangalie nyayo zake. Kidonda kidogo asichokisikia ndicho huanza safari ya kukatwa mguu.

Chumba kiwe na hewa. Msiwashe jiko la makaa ndani kwa sababu ya baridi. Moshi wake usioonekana huua.

USIMAMIZI

Mali ya wote bila daftari ni mali ya hakuna mtu. Andikeni zamu. Chagueni mwenye ufunguo. Kila anayetumia atoe kitu kidogo kwa juma cha mafuta na matengenezo. Muwe na saa za kina mama na saa za kina baba, maana wengine huona haya.

KIKUNDI KILIAMUA NINI?

Siku ile hatukuwaamulia. Tuliwaomba wahesabu. Walikuta watu sita wenye haja ya kweli, na wengine wote wana haja ya maji. Basi pesa za tangi hazikuguswa. Baba mmoja alitoa Black Mamba yake iliyokaa ghalani tangu mwanawe anunue pikipiki, na wale sita wakachanga pesa za stendi. Inakaa katika chumba cha nyuma cha yule fundi wa cherehani.

Tulipopita tena tulimkuta juu yake, viatu miguuni, saa ukutani. Hajapona sukari na bado anakunywa dawa. Lakini alituambia kwamba Jumapili iliyopita alipanda ule mlima kwenda Misa, akapumzika mara moja tu. Zamani alikuwa akipumzika mara nne.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani kati yetu hutembea au hufanya kazi ya mikono dakika 30 kwa siku, na ni nani anakaa tu?

2. Wenzetu wenye sukari na presha wanazuiwa na nini kufanya mazoezi? Je, ni jambo ambalo pesa zinahitajika kuliondoa?

3. Ni kitu gani tayari kiko katika ghala zetu ambacho fundi angeweza kukifanyia kazi?

4. Ikiwa tutanunua, ni nani watatu watakaokwenda kukijaribu?