Clinton, Tennessee

Clinton ni mji wa jimbo la Tennessee nchini Marekani na makao makuu ya wilaya ya Anderson. Uko kando ya mto Clinch, kati ya safu za Milima ya Appalachia, kaskazini-magharibi ya Knoxville. Unajulikana hasa kwa shule yake ya sekondari, iliyokuwa miongoni mwa shule za kwanza za umma katika majimbo ya kusini kupokea wanafunzi weusi pamoja na weupe kwa amri ya mahakama.

Historia ya awali

Mji ulianzishwa mwaka 1801 kwa jina la Burrville, kwa heshima ya mwanasiasa Aaron Burr. Burr alipopoteza sifa yake, jina lilibadilishwa kuwa Clinton mwaka 1809. Tangu mwisho wa karne ya 19 mji ulikuwa kituo cha biashara ya lulu zilizopatikana katika kome wa mto Clinch. Biashara hiyo ilikwisha baada ya lambo la Norris kukamilika mwaka 1936.

Ubaguzi katika shule

Watoto weusi walisoma shule ya msingi ya Green McAdoo, iliyojengwa kilimani. Sekondari ya mji ilikuwa ya weupe tu. Hivyo waliotaka kuendelea na masomo walisafiri kwa basi hadi Knoxville. Mwaka 1950 familia kadhaa zilishtaki bodi ya elimu ya wilaya. Jaji Robert Taylor alikataa madai yao. Lakini mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Brown, kwamba kutenganisha wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba. Januari 1956 Taylor huyohuyo aliamuru shule ifunguliwe kwa wote.

Wanafunzi kumi na wawili

Tarehe 27 Agosti 1956 wanafunzi weusi 12 waliteremka kilimani kwa miguu na kuingia shuleni. Baada ya siku chache, John Kasper, mbaguzi aliyetoka nje ya jimbo, alichochea ghasia, na gavana Frank Clement akatuma wanajeshi. Tarehe 4 Desemba Paul Turner, mchungaji mweupe wa kanisa la Kibaptisti, aliwasindikiza wanafunzi hao hadi shuleni. Aliporudi alipigwa na kujeruhiwa.

Mwaka 1957 Bobby Cain, mmoja wa wale 12, alihitimu masomo yake hapo. Gail Ann Epps alimfuata mwaka 1958. Tarehe 5 Oktoba 1958 shule ililipuliwa kwa baruti alfajiri ya Jumapili. Hakuna aliyeumia. Wanafunzi, weusi kwa weupe, waliendelea na masomo katika jengo la shule mjini Oak Ridge hadi shule yao ilipojengwa upya.

Kumbukumbu

Tangu mwaka 2006 jengo la Green McAdoo ni makumbusho. Mbele yake zimesimama sanamu za shaba za wanafunzi wote 12, wakiwa safarini kwenda shule.